Kilimo cha matunda katika Milima ya Usambara

Kilimo cha matunda katika Milima ya Usambara ni uzalishaji wa matunda ya miti kwa ajili ya biashara na matumizi ya nyumbani katika safu ya milima iliyoko Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kitovu chake ni eneo la Lushoto, Usambara Magharibi, ambako matunda yenye asili ya nchi za baridi kama plamu, pichi, peasi na tufaha hustawi pamoja na parachichi, ndizi, kahawa na mboga.

Kilimo hiki kinategemea mambo mawili ambayo mkulima hawezi kuyatawala peke yake. La kwanza ni baridi ya mlimani, ambayo kwa baadhi ya matunda hayo inatosha kwa shida. La pili ni barabara ya kushukia sokoni, kwa kuwa tunda laini halisubiri. Ubunifu mwingi wa wakulima na wataalamu umehusu mambo hayo mawili, pamoja na jambo la tatu lenye uzito sawa, yaani kuzuia udongo wa miteremko usichukuliwe na mvua.

Jiografia na hali ya hewa

Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Inagawanyika katika Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, na bonde la mto Lwengera liko katikati. Iko kati ya latitudo 4 na 5 kusini mwa ikweta, na vilele vya upande wa magharibi vinazidi mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Tofauti ya mwinuko ndiyo inayopanga mazao. Mji wa Mombo, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Moshi na Arusha, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 400. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400, ingawa umbali wa barabara kati ya miji hiyo ni kama kilomita 33 tu. Kwa kawaida halijoto hupungua kwa karibu nyuzi 6 za selsiasi kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hiyo msafiri anayeondoka Mombo kwenye joto hufika Lushoto baada ya muda mfupi akihitaji sweta. Magamba, Shume na Lukozi ziko juu zaidi na zina baridi zaidi.

Mvua huja kwa misimu miwili: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi, na ukungu hutanda mara nyingi. Miti inayopukutisha majani hupumzika wakati huo, kisha huchanua baridi inapopungua. Matunda yake, hasa plamu, huiva kuanzia mwisho wa mwaka hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, kabla ya masika kuanza.

Chini ya milima hiyo hali ni nyingine. Wilaya ya Muheza, kwenye mabonde yaliyo karibu na Usambara Mashariki, inajulikana kwa machungwa. Chungwa la huko mara nyingi hubaki na ganda la kijani hata likiwa limeiva na kuwa tamu. Sababu yake si uchanga. Ganda la chungwa hugeuka rangi ya manjano pale usiku unapokuwa wa baridi, na usiku wa pwani ni wa joto.

Historia

Wasambaa, wenyeji wa milima hii, tangu zamani walilima migomba, mahindi na maharage, wakatumia pia ardhi ya nyika iliyo chini ya mlima. Kwa njia hiyo familia iliweza kupata chakula mahali pamoja ikiwa mahali pengine pamekosa.

Matunda ya nchi za baridi yaliletwa katika kipindi cha ukoloni wa Kijerumani. Wamisionari Walutheri walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na watawa Watrapisti walifika Gare miaka michache baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya kikoloni ilikuwa na shamba la majaribio ya mazao na mifugo ya Ulaya huko Kwai. Lushoto yenyewe iliitwa Wilhelmstal. Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia huko Amani, Usambara Mashariki, na mimea mingi kutoka nchi mbalimbali ilijaribiwa hapo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mazao ya mlimani yakapata njia ya kufika pwani.

Si kila jaribio lilifanikiwa. Walowezi walipanda kahawa kwa wingi Usambara Mashariki katika miaka ya 1890 wakiamini kwamba udongo unaobeba msitu mnene lazima uwe na rutuba nyingi. Mavuno yalishuka baada ya muda mfupi. Udongo wa huko una asidi nyingi, na rutuba yake kubwa ilikuwa katika majani yanayooza juu, ambayo hupotea msitu ukikatwa.

Wakati wa utawala wa Waingereza tatizo kubwa lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Mpango wa Usambara, uliotekelezwa katika miaka ya 1950, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, faida yake haikuonekana haraka, na watu waliokaidi waliadhibiwa. Upinzani ulikuwa mkubwa na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP, ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani wa kuzuia mmomonyoko na kuendeleza kilimo mseto cha miti. Mradi huo ulihimiza mistari ya majani ya malisho inayofuata kontua, upandaji wa miti ya matunda na ya mbao pamoja na mazao, na ufugaji wa ng'ombe ndani ya banda. Tofauti yake na mpango wa zamani ilikuwa kwamba kizuizi cha udongo kilimpa mkulima kitu cha kuvuna: majani kwa ng'ombe, maziwa, samadi na matunda.

Aina za matunda

* Plamu, inayoitwa pia plamsi, ndilo tunda linalojulikana zaidi la Lushoto. Aina zinazofaa maeneo ya tropiki nyingi ni za jamii ya plamu ya Asia (Prunus salicina), ambayo huhitaji baridi kidogo kuliko plamu ya Ulaya.
* Pichi, au fyulisi (Prunus persica), huzaa mapema, lakini tunda lake huchubuka kwa urahisi sana.
* Peasi (Pyrus) ni gumu zaidi na huvumilia safari kuliko plamu na pichi.
* Tufaha (Malus domestica) hulimwa kwa kiasi kidogo. Lisichanganywe na tofaa la pwani (Syzygium malaccense), ambalo ni tunda la joto la jamii ya karafuu.
* Parachichi (Persea americana) halihitaji majira ya baridi na hustawi katika mwinuko wa kati. Miti mingi ya zamani imeota kutokana na mbegu, na kila mmoja huwa na tunda lake: moja dogo, jingine kubwa, jingine lenye nyuzi.
* Makadamia, pasheni na ndizi hulimwa pia, mara nyingi katika shamba moja.

Suala la baridi

Miti kama mplamu na mtufaha ina desturi iliyotokana na nchi zenye majira ya baridi kali. Majani yakishapukutika, vichipukizi hulala. Haviamki kwa sababu tu hewa imepata joto. Huamka baada ya kupata jumla fulani ya saa za baridi. Kwa hesabu iliyozoeleka, saa ya baridi ni ile ambayo halijoto iko chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za tufaha za Ulaya huhitaji saa zinazokaribia 1,000 au zaidi.

Kiasi hicho hakipatikani Lushoto. Mti usiopata baridi ya kutosha hauzai vizuri: vichipukizi vya ncha huchanua, vya pembeni hubaki vimelala, maua hutoka kidogokidogo kwa wiki nyingi, na tawi huwa refu lenye majani mwishoni tu. Mkulima huona mti mkubwa wenye afya usio na matunda, na mara nyingi hudhani kwamba kasoro iko kwenye mbolea.

Ndiyo maana uchaguzi wa aina ni muhimu kuliko mambo mengine yote. Zipo aina zilizozalishwa kwa ajili ya nchi za joto. Kwa upande wa tufaha zinazojulikana zaidi ni Anna, iliyopatikana Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana visiwa vya Bahama. Hizi huhitaji saa za baridi zipatazo 200 hadi 300 tu. Anna haijichavushi vizuri, hivyo hupandwa pamoja na aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo, na mara nyingi aina hiyo ni Dorsett Golden. Mkulima anayenunua miche ya Anna peke yake anaweza kupata maua mengi na matunda machache.

Njia nyingine ni kuuamsha mti kwa mkono. Huko Batu, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, wakulima wa tufaha huondoa majani yote ya mti muda mfupi baada ya kuvuna. Mti unaopoteza majani kabla ya vichipukizi kuingia katika usingizi mzito huchanua upya bila kungoja baridi, na kwa njia hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kuinamisha matawi yalale karibu sawa na ardhi pia husaidia vichipukizi vya pembeni kuamka. Mbinu hizi hazihitaji mashine, lakini zinahitaji maji, mbolea na vibarua kwa wakati unaofaa. Mti uliovuliwa majani bila kulishwa hudhoofika.

Changamoto

Muda wa kusubiri. Kabichi, karoti na viazi huleta fedha ndani ya miezi michache. Mti wa matunda uliobebeshwa huchukua miaka 3 hadi 5 kabla ya mavuno ya maana, na uliootokana na mbegu huchukua muda mrefu zaidi. Familia yenye ada ya shule ya kulipa hushindwa kungoja. Hata hivyo, ni miteremko hiyohiyo inayolimwa mboga kila msimu ndiyo inayopoteza udongo kwa kasi zaidi.

Udogo wa ardhi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 490,000 katika Wilaya ya Lushoto, ikiwa pamoja na eneo la Bumbuli. Mashamba hugawanywa kwa urithi hadi kuwa vipande vidogo vilivyotawanyika. Aliyekodi shamba kwa kawaida haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti huchukuliwa kuwa dalili ya umiliki. Hali hiyo huwagusa hasa vijana na wanawake wasio na ardhi kwa majina yao.

Usafiri na soko. Plamu za mlima mzima huiva karibu wakati mmoja, na bei hushuka wakati huo huo. Matunda hufungwa katika matenga, na ya chini hupondwa na uzito wa yale ya juu. Barabara ya Mombo hadi Lushoto hupita kwenye korongo lenye kona nyingi, na mvua kubwa husababisha maporomoko ya udongo na mawe. Njia za vijijini ni mbaya zaidi. Kutoka hapo safari huendelea hadi Tanga au Dar es Salaam, ambako dalali hupanga bei kwa tunda ambalo mwenyewe hawezi kurudi nalo. Ujazo wa lumbesa, yaani gunia au tenga lililojazwa kupita kipimo, humpunguzia mkulima kipato bila bei yenyewe kuonekana kuwa imeshuka. Tufaha linakabiliana pia na matunda kutoka nje, hasa Afrika Kusini, ambayo hufika mjini yakiwa na ukubwa na rangi inayolingana.

Wadudu na magonjwa. Nzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda, na funza hula nyama ya tunda likiwa bado mtini. Mwaka 2003 aina kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, iligunduliwa Afrika Mashariki na kuenea haraka barani. Utafiti uliofanywa katika Milima ya Uluguru ulionyesha kwamba nzi huyo ni mwingi zaidi maeneo ya chini yenye joto, na hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka. Kwa wakulima wa juu hiyo ni nafuu, lakini nafuu hiyo itapungua iwapo joto litapanda. Unyevu na ukungu wa mlimani navyo huchochea kutu ya majani, ubwiri na uozo wa matunda.

Miche. Mche usio na jina la aina ni bahati nasibu, na kosa lake huonekana baada ya miaka kadhaa, wakati aliyeuza hapatikani.

Ubunifu na mbinu zinazotumika

Kubebesha ni mbinu ya kuunganisha kikonyo cha aina bora juu ya shina la mche mwenye mizizi imara. Mti unaopatikana huzaa mapema na tunda lake hufanana na la mti mama. Mbinu hiyo inaweza kutumika pia kwa mti mkubwa: mparachichi wa kienyeji hukatwa shina, kisha hubebeshwa aina ya Hass, ambayo ina soko la nje kwa sababu ganda lake nene huvumilia safari. Kwa kuwa mizizi tayari imekomaa, mavuno hurudi mapema kuliko kuanza na mche mpya. Vituo vya utafiti kama TARI Tengeru, mkoani Arusha, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hushughulika na aina na mbinu za mazao ya bustani.

Kupogolea huruhusu mwanga na hewa kuingia ndani ya mti. Majani hukauka haraka baada ya umande, na magonjwa ya ukungu hupungua. Mti mfupi huvunwa kwa mkono bila kutikiswa, na tunda lisiloanguka halichubuki. Kupunguza matunda machanga yaliyosongamana huongeza ukubwa wa yanayobaki na kulinda tawi lisivunjike.

Dhidi ya nzi wa matunda njia yenye nguvu zaidi ni usafi. Matunda yaliyoanguka hukusanywa na kufukiwa kwa kina au kufungwa katika mfuko wa plastiki na kuachwa juani, ili funza wasiwe nzi. Hufuata mitego yenye kivutio cha nzi dume na chambo cha protini kinachovuta majike. Mbinu hizi hufanya kazi vizuri pale majirani wanaposhirikiana. Shamba moja safi katikati ya mashamba machafu hushambuliwa tena.

Kilimo mseto hupunguza ugumu wa kusubiri. Miti hupandwa kwenye kingo za matuta na mistari ya kontua, na katikati huendelea kulimwa maharage au mboga. Mti hushika udongo na mboga hulisha nyumba hadi mti uzae.

Usindikaji hubadilisha tunda la siku chache kuwa bidhaa ya miezi. Shamba la Irente, linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri, linajulikana kwa jamu, jibini na mkate. Masista wa Ubiri, karibu na mji wa Lushoto, hutengeneza bidhaa kama hizo, ikiwemo divai ya ndizi. Kwa wajasiriamali wadogo vikwazo vya kawaida ni upatikanaji wa chupa, umeme wa uhakika na gharama za kufikia viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo, plamu iliyopasuka, ambayo sokoni haina bei, katika sufuria ya jamu ina thamani sawa na nzima, mradi haijaoza.

Zabibu na divai

Misheni ya Wabenedikto ya Sakharani, karibu na Soni, inajulikana kwa makadamia na divai yake. Jina hilo linatokana na lakabu ya Tom von Prince, ofisa Mjerumani aliyekuwa na shamba huko na kufa katika mapigano ya Tanga mwaka 1914. Hata hivyo, zabibu hazijawa zao la wakulima wengi wa Usambara, na sababu huonekana mtu akilinganisha na Dodoma, kitovu cha zabibu Tanzania.

Kilimo cha zabibu Dodoma kilianzia kwa wamisionari Wakatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na ina kiangazi kirefu. Mzabibu wa tropiki haulali kwa sababu ya baridi. Mkulima ndiye anayeamua wakati wake kwa kuupogolea. Hivyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Ukavu hupunguza ubwiri na husaidia sukari kujikusanya ndani ya tunda. Usambara, penye mvua nyingi, mawingu na ukungu, mzabibu huhitaji kunyunyiziwa dawa mara nyingi zaidi, na mvua ikinyesha karibu na mavuno zabibu hupasuka na kuoza.

Dodoma pia inaonyesha kwamba hali ya hewa nzuri haitoshi. Wakulima wake wamewahi kubaki na zabibu mashambani kwa kukosa wanunuzi, kwa sababu zabibu za divai hazina soko kubwa nje ya kiwanda. Mkulima wa plamu wa Lushoto ana nafuu moja: tunda lake laweza kuliwa, kuuzwa barabarani au kupikwa jamu. Wote wawili wanafanana katika jambo moja. Tunda linapoiva kabla ya mnunuzi kupatikana, aliye shambani ndiye anayebeba hasara.

Mustakabali

Ongezeko la joto duniani lina maana ya pekee kwa matunda haya. Pale baridi inapotosha kwa shida, nyuzi 1 au 2 zinaweza kuamua kama mti utachanua. Kwa nadharia mkulima angeweza kuhamia juu zaidi, lakini sehemu kubwa ya maeneo ya juu ya Usambara Magharibi ni misitu iliyohifadhiwa, kama Msitu wa Asili wa Magamba. Misitu hiyo ni chanzo cha vijito vinavyomwagilia mashamba ya chini, hivyo kuikata ili kupanda miplamu kungeyakausha mashamba yaliyopo.

Njia iliyobaki ni kubadilisha mti badala ya mahali: aina zinazohitaji baridi kidogo, parachichi na makadamia kwenye mwinuko wa kati, na aina zinazoiva kwa nyakati tofauti ili mavuno yasifike sokoni kwa wiki zilezile. Uamuzi huo hauna haraka ya mboga. Mche unaopandwa mwaka huu utakuwa ukizaa miaka 20 baadaye, katika hali ya hewa ambayo huenda isiwe ya leo, na kwenye mteremko ambao udongo wake utakuwa umebaki au umekwisha kwenda bondeni.